Mashine Mpya na Foleni ya Zamani

Kwetu Mbinga neno si-pi-yu lina maana mbili, na siku moja maana hizo mbili zilikutana katika kikao kimoja. Ilikuwa Machi 2025, wiki kadhaa kabla ya kahawa kuanza kuiva. Katika ajenda za kamati ya chama chetu cha msingi cha ushirika, karani alikuwa ameandika: "Kubadili CPU." Mzee mmoja aliposomewa ajenda hiyo alisimama kabla hata hajapewa nafasi. "Mtambo ule deni lake tumelimaliza juzi juzi tu," alisema. "Ni nani anayetaka kuubadili?"

Kwa mkulima wa kahawa wa Umatengoni, si-pi-yu ni mtambo wa kati wa kumenyea kahawa mbivu, ule unaojengwa bondeni karibu na maji. Karani alikuwa anazungumzia prosesa, yaani kile kipande kidogo kinachofanya hesabu zote ndani ya kompyuta. Tulicheka, na mzee mwenyewe akacheka zaidi yetu. Lakini kicheko kilipokwisha swali lilibaki pale pale, na lilikuwa swali la fedha.

Kompyuta ya ofisi yetu tuliinunua mwaka 2019 ikiwa imekwisha kutumika kwingine. Prosesa yake ni ya kampuni ya Intel, ya kizazi cha 6, ambacho kilianza kuuzwa mwaka 2015. Karani wetu, binti mwenye stashahada na subira nyingi, alitueleza kwamba kampuni ya Microsoft ingeacha kuuhudumia bure mfumo endeshi wa Windows 10 ifikapo tarehe 14 Oktoba 2025. Baada ya hapo, viraka vya kuziba mianya ya usalama vingepatikana kwa muda tu, na kwa ofisi vingekuwa vya kulipia. Windows 11 nayo haizikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8, isipokuwa chache tu. Kwa hiyo mashine yetu, ingawa ilikuwa nzima, ilikuwa imeachwa nje ya mlango.

Bei ya kompyuta mpya aliyoletewa kutoka Songea ilikuwa karibu sawa na fedha tulizokuwa tumezitenga kwa ajili ya nyavu na mbao za vichanja vya kuanikia. Hapo ndipo palipouma. Msimu uliotangulia sehemu ya kahawa yetu ilianikwa chini juu ya maturubai kwa kukosa vichanja, ikashuka daraja, na kila mtu aliyekuwa mle ndani alikuwa ameionja hasara hiyo mfukoni mwake.

Mwenyekiti alinigeukia. "Mwalimu, wewe ulizijua kompyuta kabla yetu sote. Tununue au tusinunue?"

Nikajibu upesi: "Tusinunue."

Yule binti aliinua mkono, akasema kwa adabu: "Samahani, Mwalimu. Naomba kuuliza. Umepima, au umeogopa?"

Sikuwa na jibu. Niliomba tuahirishe ajenda hiyo kwa wiki mbili. Haya ninayoyaandika hapa ndiyo niliyokuwa nikiyawaza katika wiki hizo.

Hofu yangu ilizaliwa mwaka 1998, katika shule moja ya sekondari kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, mahali fulani kati ya Lituhi na Mbamba Bay. Nilikuwa mwalimu wa hisabati na msimamizi wa ofisi ya taaluma. Shule ilikuwa na kompyuta moja ya msaada yenye prosesa ya 486, printa moja ya pini iliyolia kama cherehani mbovu, mashine ya kudurufu mitihani kwa stensili, na jenereta iliyowashwa saa 2 kila usiku dizeli ilipokuwepo.

Mwaka huo nilikwenda Dar es Salaam kwa shughuli za shule. Katika duka moja nikaonyeshwa kompyuta yenye prosesa ya Pentium II. Muuzaji aliufungua ukurasa wa mahesabu, akabonyeza, na kurasa zikapita kama upepo wa mwera juu ya maji. Nilikumbuka jinsi ile 486 ilivyonikawiza kupanga matokeo ya wanafunzi 300, nikaona aibu kwa niaba yake. Niliporudi niliishawishi bodi ya shule. Tukachukua fedha za muhula mzima za dizeli, karatasi na wino wa kudurufia, tukaagiza Pentium. Ilifika kwa lori, imefungwa katika godoro, ikashuka milima ile bila mkwaruzo hata mmoja.

Wasiojua watadhani mashine ile ilikuwa mbovu. La hasha! Ilikuwa nzuri kweli kweli. Hesabu iliyochukua karibu dakika nzima kwenye 486, yenyewe iliimaliza kabla sijainua kidole. Lakini kuingiza alama za wanafunzi 300, kwa vidole viwili, kulichukua usiku ule ule mwingi kama zamani. Printa ilikuwa ile ile, na kasi yake ilikuwa ile ile. Jenereta ilizimwa saa ile ile, kisha ikawa haiwashwi kabisa kwa sababu dizeli ilikuwa imegeuka kuwa Pentium. Mtihani wa majaribio wa kidato cha 4 ulifika hatuna wino wala karatasi. Tuliandika maswali ubaoni. Kijana mmoja mwenye macho mabovu, aliyekaa nyuma, alisoma 3 akaiona 8, akalikokotoa swali lake vizuri kabisa kwa namba isiyokuwa yake. Nilipolisahihisha nilinyamaza kwa muda mrefu.

Mzazi mmoja mvuvi, mjumbe wa bodi, alikuja kuiona mashine. Aliizunguka, akaigusa, kisha akaniuliza bila kejeli: "Mwalimu, hii mpya inavua nini ambacho ile ya zamani ilikuwa haivui?" Nilimweleza habari za kasi. Akasema: "Mtumbwi wenye kasi ni mzuri. Lakini sisi usipa tunawangojea wao, si mtumbwi." Sikumwelewa, au niseme sikutaka kumwelewa.

Kusema haki, zama zile zilimpa mtu sababu ya kupapatika. Prosesa ya kwanza ya Intel, iitwayo 4004, ilitoka mwaka 1971 ikiwa na transista 2,300 hivi. Ile ya 386 ya mwaka 1985 ilikuwa na 275,000. Ya 486, mwaka 1989, ilikuwa na milioni 1.2. Pentium ya mwaka 1993 ilikuwa na milioni 3.1, na Pentium II ya mwaka 1997 milioni 7.5. Gordon Moore, mmoja wa waasisi wa Intel, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1965 kwamba idadi ya vijenzi vinavyoweza kuwekwa katika kipande kimoja ilikuwa inajirudufu kila mwaka. Baadaye akarekebisha kuwa kila miaka miwili. Basi aliyenunua leo alijiona mzee keshokutwa. Programu nazo zilikuwa zikinenepa kwa kadiri mashine zilivyopata nguvu, hata mtu aliyekaa tu na mashine yake aliona kama inazidi kuwa nzito.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba kosa langu la mwambao lilikuwa na kaka yake mkubwa, tena la taifa zima. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Ilikuwa aina ya ICT 1500, kutoka kampuni ya Kiingereza, ingawa kwa asili ilikuwa mashine ya Kimarekani ya RCA 301 iliyobadilishwa jina. Jambo lililonishangaza ni tarehe. Mwaka mmoja kabla yake, Septemba 1964, kampuni hiyo hiyo ya ICT ilikuwa imekwisha kutangaza kizazi kipya, mfululizo wa 1900. Yaani mashine ya kwanza ya nchi changa ilipowashwa, mrithi wake alikuwa amekwisha kutajwa sokoni. Tena mrithi huyo hakuwa wa ukoo wake: maumbile ya ndani yalikuwa tofauti, na programu za moja hazikuweza kuhamia tu kwenye nyingine.

Jambo hili si dogo. Aprili 1964 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza mfululizo wa System/360, na sifa yake kubwa ilikuwa ukoo. Mashine ndogo na kubwa zilielewa maagizo yale yale, hivyo mteja aliweza kupanda daraja bila kuiandika kazi yake upya. Asiye na ukoo huo, kila akibadili mashine anahama nyumba na kuanza kujenga hata jiko.

Wizara ilihamia kwenye ICL 1900 kwa ajili ya mahesabu ya serikali. (Mwaka 1968 ICT ilikuwa imeungana na wenzake ikawa ICL.) Mradi ule haukufanikiwa. Wataalamu wazalendo walikuwa wachache mno, washauri wa kigeni walilipwa fedha nyingi, mahesabu yakavurugika, na mwishowe Wizara ikarudi kwenye mashine za kawaida za uhasibu. Nikiyatazama mambo yale kwa jicho la mwalimu aliyeandika mtihani ubaoni, naona kwamba kasi ya mashine haikuwa shida ya wale watu. Shida ilikuwa nani atazijaza zile kadi bila makosa, nani ataiandika programu, na nani ataitengeneza siku ikigoma. Foleni ilikuwa mlangoni, na wao walinunua meza kubwa zaidi ya kuweka ndani.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonigusa zaidi. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Wakati ule kompyuta zote za nchi zilihesabika kwa vidole vya mikono miwili. Sababu zilikuwepo: bei ya mafuta ilikuwa imepanda tangu mwaka 1973, mvua zilikuwa zimekosekana, chakula kilikuwa kikiagizwa kutoka nje, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Mtu aliyepoteza fedha nyingi kwa mashine moja hana hamu ya kuuziwa ya pili. Lakini waliosema "aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka" hawakusema kwamba ung'ongo ni nyoka. Marufuku ilikuja kulegezwa katika miaka ya 1980, na televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994, ilhali Zanzibar walikuwa nayo tangu mwaka 1973. Miaka ile yote hatukujifunza kutumia mashine vizuri. Tulijifunza kukaa bila mashine. Soko lilipofunguliwa, zikaingia kwa wingi mikononi mwa watu ambao, kama mimi wa mwaka 1998, hatukuwa tumefundishwa kuuliza swali la kwanza.

Nilipofika hapo katika mawazo yangu nilijiona nilivyo. Kosa la kwanza nilikuwa nimelifanya mwambaoni, la kununua bila kupima. La pili nilikuwa nalifanya mbele ya yule binti, la kukataa bila kupima. Tangu nilipostaafu na kupanda milimani kulima kahawa, kila mara mtu alipotaja mashine mpya nilikuwa wa kwanza kutikisa kichwa, na watu walidhani ni busara ya uzee.

Na kama kukataa kungekuwa busara siku zote, ile si-pi-yu ya bondeni nayo tungeikataa. Wenye umri wangu wanaukumbuka mtambo wa mkono wa kumenyea, ule wa kuzungusha kwa mpini. Kahawa mbivu ikichumwa leo yafaa imenywe leo leo, la sivyo huanza kuchacha ndani ya ganda na kuharibu ladha. Basi familia ilichuma mchana kutwa, na usiku, kwa mwanga wa kibatari, watoto walipokezana mpini. Kila nyumba ilivundika kwa kadiri yake, ikaosha kwa maji yaliyopatikana, ikaanika inapopajua. Mnadani kahawa ya kijiji kimoja ilikuwa na tabia kumi.

Hali ilizidi kuwa mbaya mwaka 1989, ulipovunjika utaratibu wa mgawo wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa. Bei ziliporomoka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilishuka tena vibaya sana. Hapo tukaelewa kwamba anayeuza kahawa ya kawaida hana bei yake mwenyewe. Mitambo ya kati ilipoanza kujengwa katika vijiji vya Mbinga miaka hiyo ya 2000, ilikuwa mashine mpya ya kweli, na palipoandaliwa vizuri ilileta kahawa ya sura moja na bei nzuri zaidi.

Lakini niseme neno hilo tena: palipoandaliwa. Mtambo wa kati una kiu ya maji safi. Unataka mkulima afike na kahawa mbivu tupu, bila mbichi, jioni ile ile. Na kwa kuwa unamenya haraka, unatapika kahawa mbichi ya kuanikwa kwa wingi ambao mtambo wa mkono haukuwahi kuutoa. Ukikosa vichanja, kasi yote ile inakwenda kulala kwenye turubai. Hivyo ndivyo ilivyotupata msimu uliotangulia. Tulikuwa tumeiondoa foleni kwenye mpini na kuipeleka kwenye vichanja.

Wataalamu wa kompyuta wanayo kanuni ya jambo hili, aliyoieleza Gene Amdahl mwaka 1967. Kwa maneno ya nyumbani ni hivi. Kazi ikiwa ya dakika 100, na sehemu unayoiongezea kasi ni ya dakika 10, basi hata ukiifanya sehemu hiyo iishe kufumba na kufumbua, zimebaki dakika 90. Yule mvuvi hakuwa amemsoma Amdahl, lakini alikuwa ameniambia neno lile lile.

Basi nilimwendea karani, nikamwambia: "Binti yangu, sikupima. Tupime."

Tulichukua kazi ya siku moja ya msimu uliopita, tukairudia yote mbele ya saa ya ukutani: majina na kilo za wakulima kutoka kwenye daftari la mizani, kujaza taarifa zetu kwenye MUVU, ule mfumo wa serikali wa usimamizi wa vyama vya ushirika, na kuchapa stakabadhi. Yeye alifanya, mimi niliandika. Windows yenyewe ina kidirisha kinachoonyesha prosesa, kumbukumbu na diski vinafanya kazi kwa asilimia ngapi, kwa hiyo hatukuhitaji kubahatisha. Kazi nzima ilikuwa saa 5 na dakika 15. Kunakili kutoka daftarini kulikuwa dakika 190. Kungojea mtandao kulikuwa 50. Kuchapa stakabadhi kulikuwa 40. Kuwasha mashine na kufungua programu kulikuwa 25, na muda huo wote diski ilikuwa kwenye asilimia 100 huku prosesa ikipumzika. Dakika ambazo prosesa ndiyo iliyotukawiza hazikuzidi 10.

Tukasoma pia kuhusu vizazi vipya. Zamani kasi ya saa ya prosesa ilikuwa ikipanda kila mwaka, lakini kufikia mwaka 2004 joto liliwashinda watengenezaji, wakageukia kuweka viini viwili, vinne na zaidi katika kipande kimoja. Viini vingi vinamfaa sana mtu anayehariri filamu au kufanya mahesabu makubwa yanayogawanyika. Kwa karani anayeandika jina moja baada ya jingine, kiini cha sita kinakaa bure kama mgeni asiyejua lugha. Hapo tulicheka tena, kwa sababu tuligundua kwamba prosesa za mezani za kizazi cha 8, zile ambazo Windows 11 huanzia nazo, Intel ilizipa jina la ndani la Coffee Lake, yaani Ziwa la Kahawa. "Mwalimu," binti akasema, "hiyo wametutengenezea sisi!" Nikamwambia hata jina zuri halianiki kahawa.

Lakini katika jambo moja alinishinda, na naliandika wazi. Mimi nilitaka tuendelee na Windows 10 vile ilivyo, kwani inafanya kazi. Alikataa. Alisema mashine ile ina majina ya wanachama, namba zao za simu na za akaunti za benki. Mlango usiozibwa mianya siku moja utaingiliwa, na fedha itakayopotea haitakuwa ya Microsoft wala ya kwake. Kwa hiyo kukaa tu nako kulikuwa na gharama, ila gharama yake haikuandikwa kwenye ankara. Hilo sikuwa nimelipima kabisa.

Kikao cha pili kilikaa muda mrefu. Wazee wetu Wamatengo wana desturi ya sengu, ambapo ukoo hukutana, hula pamoja na kuzungumza jambo mpaka lieleweke, na siku ile tuliongea kwa mtindo huo, hakuna aliyekimbizwa. Tuliamua kutonunua kompyuta. Tulinunua diski ya kisasa isiyozunguka na kuongeza kumbukumbu, vitu ambavyo bei yake ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya mashine mpya. Badala ya Windows tuliweka mfumo endeshi wa bure wa Linux, ambao unaendelea kupata viraka hata kwenye mashine za zamani. MUVU tunaifungua kwa kivinjari kama kawaida. Tena tukahamisha meza ya karani kutoka chumba cha nyuma hadi kando ya mizani, ili kilo ziandikwe mara moja tu, papo hapo, na mkulima atie sahihi. Fedha za nyavu na mbao hazikuguswa.

Sisemi kwamba mambo yalikwenda bila mikwaruzo. Printa iligoma kwa siku mbili ikidai programu ambayo mfumo mpya haukuwa nayo, na katika siku hizo mbili nilisikia maneno mengi kuhusu walimu wastaafu. Karani alilazimika kujifunza upya alivyokuwa akivijua. Lakini msimu ulipopamba moto, Julai, mashine ilikuwa inawaka kabla hajavuta kiti, na zile dakika 190 hatukuziona tena. Kahawa ilikaa juu ya vichanja.

Je, hatutanunua kompyuta mpya? Tutanunua. Ipo siku kazi itabadilika, au programu ya lazima itaikataa mashine hii, au saa ya ukutani itaonyesha kwamba sasa kweli prosesa ndiyo inayotungojesha. Ndiyo maana tuliandika katika muhtasari kwamba kipimo kirudiwe kila mwaka kabla ya msimu, mashine ikiwa nzima au mbovu. Aidha, tuliandika maswali matatu ya kuuliza: kazi inangojea wapi? Tukinunua, ni kitu gani kingine kitakosa fedha? Tusiponunua, tunajiweka katika hatari gani? Swali la kwanza nilifundishwa na mvuvi. La pili nilifundishwa na mvulana aliyesoma 3 akaona 8. La tatu nilifundishwa na karani.

Siku hizi barabara ya lami inafika mpaka Mbamba Bay, na safari iliyokuwa ya kutwa ndani ya lori sasa ni ya kwenda na kurudi. Baada ya msimu niliteremka ziwani. Nilitamani kumwona yule mzee mvuvi, nimwambie kwamba nimemwelewa. Niliambiwa kwamba alikwisha kufariki miaka mingi. Nilikaa ufukweni nikawatazama vijana wakitengeneza taa zao kwa ajili ya usiku. Karabai zimekwisha, sasa ni taa ndogo za betri zinazochajiwa kwa jua. Nikamuuliza mmoja wao kama hizi ni bora kuliko zile za mafuta ya taa.

Hakujibu upesi kama nilivyojibu mimi kikaoni. Alifikiri kwanza. "Mwanga ni sawa tu, mzee," alisema. "Lakini zamani nusu ya usipa niliyovua ilikuwa ni ya kununulia mafuta."

Huyo, nikasema moyoni, amepima.